Idi ya Samaki wa Naima

Katika mabwawa yetu yote, Naima binti Mursi ndiye mwanamke pekee aliyenuka kitunguu saumu kabla jua halijachomoza. Watu walimcheka. Walimwita Bibi Hamira. Hata mimi nilimwita hivyo, tena mbele yake, naye akanijibu kwamba afadhali hamira kuliko kunuka mizoga. Sikumlaumu, maana kiangazi kilichotangulia samaki wangu walikuwa wamekufa wote na harufu yao ilikuwa haijatoka kwenye nguo zangu.

Mimi ni Mama Fathi, jirani yake. Bwawa langu na lake yalitenganishwa na tuta moja jembamba, na mtu akipiga chafya kwake nilimwombea rehema nikiwa kwangu. Haya ninayoyasema nimekaa nayo moyoni muda mrefu kwa sababu ya kiapo. Sasa Bi Hajja Sabriya, mama mkwe wake, ameshazikwa, na kiapo kilikuwa cha uhai wake tu. Kwa hiyo nasema, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Sisi huku kusini mwa ziwa la Burulusi hatupewi maji ya mto. Maji ya mto ni ya mpunga. Mpunga ukishakunywa, na mbolea na dawa zikishaoshwa, yale yanayobaki hushuka kwenye mfereji wa taka, na hayo ndiyo yetu. Ndani yake tunafuga sato, kisha tunashangaa sato wakiumwa matumbo. Kila kiangazi, joto likipanda, wanakufa. Mwaka mmoja ni huyu, mwaka mwingine ni yule, na ipo miaka ambayo mfereji mzima hugeuka mweupe kwa matumbo ya samaki na hakuna wa kumpa pole mwenzake.

Mume wa Naima aliitwa Shauki. Asubuhi aliyokufa alikuwa ameshafika mlangoni, anakwenda kuchukua vifaranga vya samaki. Mama yake akamwambia, "Kula kwanza." Akarudi akaketi, akala maharage na mkate, akanywa chai. Bi Hajja akammiminia chai ya pili. Alipotoka na kufika barabarani, lori la matofali likaacha njia na kumkuta pale pale. Tangu siku hiyo mama yule alikuwa akimuuliza kila mtu, hata muuza gesi, "Kama angetoka kabla ya chai, lori si lingempita?" Utamjibu nini mama wa namna hiyo? Na tangu siku hiyo hakumwambia tena mtu yeyote anayetoka nyumbani kwake kwamba ale kwanza. Kwetu sisi hilo ni zito kuliko kumnyima mtu salamu. Wageni waliinuka wakaondoka na njaa yao, naye akabaki amejikunyata ukutani, mdomo umefungwa.

Naima hakuwa na mtoto. Mjane asiye na mtoto hurudi kwa kaka yake, na kaka yake Naima alikuwa na mke ambaye hata paka wake alihesabiwa tonge. Lakini Bi Hajja alikataa. "Huyu ndiye harufu ya Shauki iliyobaki," alisema. "Atakaa nami, na bwawa la Shauki atalifanyia kazi yeye." Fikri, kaka mkubwa wa marehemu, alikubali huku amekaza meno. Bwawa lilikuwa la baba yao, naye alikuwa na wana wanaokua.

Viangazi viwili mfululizo bwawa la Naima likafa. Ndipo Fikri akaja sebuleni na kusema mbele yetu majirani, "Mama, neno lako liko kichwani pangu. Lakini bwawa si kaburi la Shauki kwamba tulizuru tu. Mwaka huu nao likifa, je?"

Bi Hajja akakasirika. Akanyoosha mkono akauweka juu ya msahafu kabla mtu hajamzuia. "Likifa mara ya tatu, ni lako," alisema. "Na Naima ataenda kwao kwa amani. Wallahi." Nadhani alidhani Mungu ataona haya. Naima alikuwa amesimama na sinia la chai mkononi, akasikia kila neno.

Basi ukawa mwaka wa kufa na kupona. Hakuna mtu aliyejua hivyo kuliko Naima mwenyewe. Alianza kuwatazama samaki wake hadi choo chao. Ndiyo, choo! Samaki mzima hutoa choo kifupi cheusi. Mgonjwa huburuta uzi mrefu mweupe nyuma yake. Naima alipasua mmoja wa wale wenye uzi, akanionyesha utumbo wake. Ulikuwa mwembamba, unapitisha mwanga. "Mama Fathi, huyu anakula lakini hashibi," aliniambia. "Chakula kinaingia na kutoka kama mgeni aliyekosea nyumba."

Alikwenda kwa Daktari Radwani, kijana wa duka la vyakula vya mifugo, aliyesomea samaki chuoni. Mimi huwa siwapendi watu wa maduka yale. Wana pakiti za kila rangi, kila moja ina picha ya samaki mnono anayecheka, na ukiuliza ndani mna nini, wanakwambia "mna kheri." Lakini Radwani alikuwa mkweli. Alimwambia kwamba utumbo wa samaki una vijidudu vyema na vibaya, na kwamba mwenye kumlisha vile vyema anamjengea ukuta tumboni.

"Naweza kuvifuga nyumbani?" Naima aliuliza.

"Dada yangu, wewe unaumua unga wa mkate kila siku. Unavifuga tayari."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Chungu cha hamira alichorithi kwa mama yake alikilisha asali nyeusi ya miwa mpaka kikatoa povu. Siku moja hupaka hamira ile kwenye chakula cha punje, pamoja na mafuta kidogo ili isioshwe na maji. Siku nyingine hupaka kitunguu saumu kilichopondwa na habasoda. Havichanganyi, kwa sababu Radwani alimwonya kwamba kitunguu saumu kitaiua hamira. Kisha chakula hukaushwa kivulini, juu ya mashuka ya harusi yake. Fikri alipoyaona mashuka hayo alisema, "Shemeji, ukimaliza watie na hina."

"Wewe ndiye utakayetiwa hina," Naima alimjibu, "siku utakayokuja kuniomba mapishi."

Na samaki walinona. Sisemi kwa kumpamba. Nyuzi nyeupe zilipotea, migongo ikapanda, na walipokuja kula maji yalichemka kwa mikia. Bi Hajja, ambaye alikuwa hatoki ukutani, alianza kuja tutani na kinu chake kidogo kuponda habasoda. "Kila ugonjwa isipokuwa mauti," alisema kwa kila pigo, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa juu ya mbegu ile. Nilimsikia anaimba. Moyo wangu ulifurahi, na ulichoma pia, kwa sababu niliijua miezi iliyokuwa inakuja.

Joto likaja. Upepo ukasimama, mpunga ukafungiwa maji, mfereji ukashuka ukawa supu ya kijani. Asubuhi samaki wakaanza kupanda juu na kufungua midomo. Bwawa la nyuma yetu lilikufa kwanza, kisha la kona. Naima alikimbia dukani nami nikamfuata, maana langu nalo lilikuwa linahema.

Radwani hakumuuzia chochote. Alisema, "Acha kuwalisha."

"Nipunguze?"

"Uache kabisa. Mpaka upepo urudi."

Naima alimtazama kana kwamba amemtukana marehemu wake. "Wanaumwa, na niwanyime chakula? Na dawa yangu? Si imo ndani ya chakula?"

"Dawa yako imefanya kazi yake, matumbo yao ni mazima. Sasa shida ni pumzi. Samaki aliyeshiba anahitaji pumzi nyingi kusaga chakula, na maji ya moto hayana pumzi. Mwenye njaa atatulia chini na atavumilia. Aliyeshiba atakufa na chakula tumboni. Naapa, Naima, hata kile kitakachobaki majini kitaoza na kula pumzi iliyopo."

Jamani, mtu wa kwetu kuambiwa hivyo! Sisi mgonjwa tunamlisha kwa nguvu. Mgeni akisema ameshiba, waume zetu humwapia kwamba watatupa talaka asipokula tena. Mimi sikuweza. Nililisha langu kidogo kidogo, kwa kuiba, nikijidanganya. Lakini Naima alifunga mapipa ya chakula, akayafunika kwa turubai na kukaa juu yake.

Samaki walikuwa wameizoea saa yao. Kila alasiri walikuja ukingoni mahali pale pale wakafungua midomo, na ile sauti ya midomo, tap, tap, tap, ilisikika mpaka kwangu. Naima aliziba masikio kwa kitambaa. Majirani walipita na kusema, "Bibi Hamira leo amekuwa Bibi Bahili." Bi Hajja ndiye aliyeumia zaidi.

"Wanakuita, mwanangu."

"Nawasikia, mama."

"Mgonjwa hulishwa. Nani alikwambia mgonjwa hufa kwa kula?"

"Daktari, mama. Shibe mwana malevya, si mnasema wenyewe?"

"Na njaa je? Malizia basi! Njaa mwana malegeza!" Bi Hajja alilia huku akijifuta kwa kanga ya kichwani. "Watalegea, watakufa, na wewe utaondoka. Nitakaa na nani?"

Naima alimpigia magoti, akamsihi avumilie mpaka upepo urudi. Mama akanyamaza. Sisi tukaona kunyamaza kule ni kukubali.

Na samaki wa Naima hawakufa! Wangu wakaanza kuelea, na hata kwa Fikri, aliyekuwa na mashine ya kupiga maji ili yapate pumzi, waliokufa wakawa wanaokotwa kwa matenga. Kwa Naima, kimya. Walikonda kidogo, wakakaa chini gizani, wakangoja. Nilimwona akitembea tutani akihesabu kwa tasbihi, na nilijua haombi pepo, anaomba upepo tu.

Idi ya kuchinja ikatukuta hivyo. Baada ya sala mimi na Naima tulikwenda makaburini na mikate ya kuwagawia maskini, kama ilivyo ada, na Naima akakaa sana kwa Shauki. Bi Hajja miguu yake haikuweza, akabaki nyumbani na fatta ya Idi jikoni, wali na mkate umelowa mchuzi wa nyama.

Tuliporudi alasiri tulimkuta amekaa tutani, amevaa gauni lake jipya. Alikuwa anacheka. Tangu Shauki afe sikuwahi kumwona anacheka namna ile, meno yote nje. Turubai lilikuwa limefunuliwa. Mikono yake ilinuka kitunguu saumu.

"Nimewapa Idi yao," alisema. "Watu wote wanakula leo, na wao wana roho. Ungeona walivyokuja, Naima! Walirukaruka, walinirushia maji usoni! Nimewapa pipa zima, na habasoda nimeongeza kwa mkono wangu."

Naima alishika bega langu. Vidole vyake viliingia mpaka mfupani. Kisha akainama, akaubusu mkono ule unaonuka, na kusema, "Mungu akupe umri, mama. Ingia ndani, jua kali."

Bi Hajja alipoingia, Naima alikimbia. Sijawahi kumwona mwanamke mzima anakimbia hivyo, viatu vilibaki njiani. Alimkuta Fikri na kisu cha nyama mkononi.

"Niazime mashine ya maji, shemeji. Mpaka asubuhi tu. Nakusihi kwa kaburi la ndugu yako."

"Nikiizima yangu, samaki wangu watakufa."

"Nusu ya muda basi."

"Naima, huoni? Nami nimekalia kaa la moto." Hakuwa anadanganya. Nyuma yake mashine ilikuwa inapiga maji, na kandokando yake samaki walikuwa wanahema.

Tukarudi mikono mitupu. Tulifungua lango la mfereji, maji yakaingia ya moto kuliko yaliyomo. Tulipiga maji kwa majembe, kwa mbao, kwa masufuria ya Idi yenye mafuta ya nyama bado. Niliacha bwawa langu, ambalo lilikwisha kufa, nikapiga la kwake. Mikono yangu ilipasuka. Naima aliingia mpaka kifuani, akawa anayarusha maji juu kwa viganja huku akisema, "Pumueni, pumueni." Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyasi.

Alfajiri walipanda juu. Wote. Kwanza midomo, kisha matumbo.

Naima akaniomba kisu. Alimpasua mmoja pale tutani, halafu mwingine. Matumbo yalikuwa yamejaa pomoni, chakula kimevimba, na punje nyeusi za habasoda zinang'aa ndani yake. Kuta za utumbo zilikuwa nene, nzuri, za samaki mwenye afya. Kwa kazi yake mwenyewe samaki walikuwa wazima kabisa, na wamekufa.

"Waonyeshe," nilimwambia. "Mwonyeshe Fikri. Siyo wewe uliyewaua. Mapatano hayakuwa hivi."

Tukawaona wanakuja juu ya tuta, Bi Hajja ameegemea mkono wa Fikri. Naima aliwatazama. Kisha akawakumba wale samaki waliopasuliwa kwa mguu, wakatumbukia kwenye mfereji wa taka.

"Mama Fathi, apa."

"Niape nini, mwendawazimu wewe?"

"Apa kwamba maadamu mama yu hai hatalisikia hili. Shauki alikula kwa mkono wake akafa. Leo ajue na hawa wamekula kwa mkono wake wakafa? Atabaki na nini? Apa!"

Nikaapa. Mungu anajua nilivyotaka kupiga kelele.

Bi Hajja alifika, akaona maji meupe, akakaa chini kwenye tope na gauni lake la Idi. "Uliwalisha nini, shemeji?" Fikri aliuliza.

"Sikuwalisha kitu," Naima alijibu. "Niliwanyima mno. Njaa imewaua."

"Nilikwambia!" Bi Hajja alipiga mapaja. "Nilikwambia, mwanangu, wanakuita! Nimewapa jana, lakini nimechelewa! Laiti ningewapa mapema!"

"Laiti ningekusikiliza, mama."

Kunguru mmoja alishuka mferejini, akavuta utumbo mmoja ukingoni na kuupasua. Punje nyeusi zikamwagika. Fikri alizitazama. Yeye si mjinga, amezaliwa juu ya matuta haya. Alimtazama mama yake, akamtazama Naima, na hakusema neno. Mpaka leo sijui alinyamaza kwa ajili ya mama au kwa ajili ya bwawa. Nimemuuliza kwa macho mara nyingi, naye hugeuza uso.

Neno likabaki neno. Bi Hajja alilia, akasema amejifunga kwa ulimi wake mwenyewe, akamwomba Naima amsamehe kwa kiapo kile. Hilo tu ndilo alilojua la kuombea msamaha.

Siku ya kuondoka, gari la kaka yake Naima lilisimama nje na kupiga honi. Lilikuwa na mzigo mdogo: kifurushi cha nguo, yale mashuka, na chungu cha hamira kilichofungwa kitambaa mdomoni. Naima alikuwa ameshafika mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama uani, nikifuta macho na kumlaani kila mtu kimoyomoyo.

"Naima," Bi Hajja aliita kutoka jikoni. "Kula kwanza."

Tuligeuka wote. Alikuwa ameshika sinia: maharage, mkate wa moto, birika la chai. Alilisema bila kuwaza, kama wanawake wote wanavyosema, kama alivyokuwa akisema zamani, kabla ya lori.

Nje, honi ikalia tena. Naima aliweka kifurushi chini, akavua viatu, akaketi. Alikula maharage yote na kufuta sahani kwa mkate. Alikunywa chai. Bi Hajja akammiminia ya pili, akachungulia dirishani na kumgombeza dereva aache kelele, watu wanakula.